Bachata Rosa haikutoka Kuba

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa burudani uliorodhesha nyimbo za zamani "za Kuba" zinazofaa kupigwa harusini, na zile za albamu ya Bachata Rosa ya Juan Luis Guerra zikawekwa juu kabisa. Naomba nafasi nisahihishe. Mimi napiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na albamu hiyo ni mojawapo ya zile ninazofundishia vijana.

Guerra ni mtu wa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika. Alizaliwa huko mwaka 1957, akaenda kusomea muziki katika chuo cha Berklee, Boston, Marekani, kisha akarudi kwao na kuunda kundi la 4.40. Bachata Rosa ilitoka mwaka 1990 na mwaka 1992 ikapata tuzo ya Grammy. Najua mazoea haya yametoka wapi: tangu enzi za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba pale Morogoro, wimbo wowote wa Kihispania sisi tunaupeleka Kuba. Ila merenge, dansi ya kasi ya Dominika anayoipiga Guerra, ina ngoma zake. Kuna tambora, ngoma yenye ngozi pande mbili, ambayo mpigaji huigonga kwa kiganja upande mmoja na kwa fimbo upande wa pili. Kuna na güira, bomba la chuma lenye vipele linalokwaruzwa mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Zima vyombo vingine vyote, uviache hivyo viwili tu, na watu hawatarudi kwenye viti.

Bachata, muziki wa magitaa wa huko huko Dominika, nayo ni habari nyingine, na hapa sikubaliani na sifa mliyompa Guerra kwamba "aliusafisha" muziki huo. Kwani ulikuwa na uchafu gani? José Manuel Calderón alirekodi bachata tangu 1962. Wakubwa wa Santo Domingo waliudharau wakisema ni muziki wa vilabuni na wa watu wa shamba, na kwa miaka mingi Radio Guarachita ndiyo iliyoupa nafasi hewani. Blas Durán aliingiza gitaa la umeme kwenye bachata mwaka 1987, kabla Guerra hajatoa bachata yake. Guerra ni mtunzi mkubwa, mashairi yake yananigusa, na sauti za waitikiaji wake zimepangwa kwa ustadi ambao bendi zetu zingefaa kujifunza. Lakini alikuta njia imeshafyekwa na maskini, nao wana haki ya kutajwa.

Kilichonifanya hasa nishike kalamu ni wimbo mmoja ndani ya albamu hiyo ambao mwandishi wenu hakuugusa. Ni A Pedir Su Mano, wa kijana anayekwenda kuposa. Msingi wake umetoka Jamhuri ya Afrika ya Kati: ni Dédé Priscilla wa Lea Lignanzi, ambao Guerra aliutia maneno ya Kihispania na ngoma za kwao. Mazoezini huwa nawawekea vijana wimbo huu bila kuwaambia ni wa nani. Gitaa likianza tu, kila mmoja anavuta la kwake. Vidole vinakimbilia mwisho wa shingo ya gitaa, karibu na tumbo lake, kwenye nyuzi nyembamba, noti fupi fupi zinazojirudia, kwa sababu huo ni mwendo wanaoujua kutoka kwenye sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea katika dansi la Kikongo. Nikiwaambia mwimbaji ni wa visiwa vya Karibi wanabisha.

Na Guerra hakuishia hapo. Albamu yake ya Fogaraté, ya mwaka 1994, ina gitaa la Diblo Dibala mwenyewe, mzaliwa wa Kisangani, yule yule aliyempigia Kanda Bongo Man na baadaye akawa na kundi la Loketo. Sisi tuliocheza kwasakwasa tunalijua hilo gitaa hata likisikika nyumba ya jirani. Mtu wa Santo Domingo alimtafuta Mkongo ili albamu yake ichangamke, halafu sisi huku tunaandika kwamba muziki wote huo ni "Kilatini" na kufunga mjadala! Inaniuma. Wapiga magitaa wetu wanazeeka bila mtu kuandika majina yao, na tukiacha hata yale yaliyokwisha kuchapishwa kwenye majalada ya albamu, vijana wataamini kwamba kila kizuri kimetoka nje.

Naomba basi mchapishe sahihisho, na jina la Lea Lignanzi liwemo. Naomba pia kila mnapoandika kuhusu albamu mtaje watunzi na wapigaji, si mwimbaji peke yake. Majina yako kwenye karatasi ya ndani ya jalada. Mwandishi wenu akiitaka, nitamletea yangu hapo ofisini, aisome na kunirudishia.

Mpiga gitaa la solo,
Magomeni, Dar es Salaam