Zuhura, iinue hiyo seredani

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Picha uliyotuma nimeionyesha nyumba nzima, na mama zako wadogo wameusifu ubuyu wako, wekundu wake na ule mng'ao. Mimi macho yalikwenda kwenye seredani, hilo jiko lako la mkaa. Iko sakafuni, karai juu yake, na nyuma ya karai naona kiguu cha mjukuu wangu.

Shira, hiyo sukari unayoichemsha, si maji, mwanangu. Maji yakichemka huishia nyuzi 100. Shira hupanda kupita hapo, tena ikimrukia mtu haitiririki, hunata palepale kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Mtoto anayetambaa hushika chochote kinachong'aa. Na usinijibu kwamba nyote mlikulia jikoni mwangu. Hilo nalijua, na kovu la mkono wa kaka yako nalijua pia.

Kazi yenyewe umeiweza, sikufichi. Punje nyekundu zimevikwa sawasawa, hazikugandana. Ila huo wa ladha ya nanasi umelowa. Ulimimina ubuyu shira haijashika, kwa ile haraka yako. Tia tone kwenye kisahani, lipoe kidogo, ulibane kwa vidole viwili; likivuta uzi, punguza moto ndipo umimine. Nusu kilo ya sukari kwa kilo ya ubuyu inatosha, usisikilize wanaotaka zaidi. Arki ya nanasi itie mwisho, la sivyo harufu yote inaondoka na mvuke. Hiliki na pilipili manga unazijua; chumvi ndiyo unayoisahau. Na ule unga uliouchekecha mwanzo usiutupe. Urudishie juu punje zikiwa bado na unyevu, ndio unaozitenganisha, kisha utandaze kwenye sinia.

Sasa ukitandaza, mtoto yuko wapi? Mgongoni hapana, ukiinama na yeye anainama. Mpe jirani, ama pika akishalala. Likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, ni maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali. Si dawa ya meno, si asali, si barafu, hata mama mkwe wako akisema.

Mumeo anataka ubuyu mupeleke madukani. Vizuri, lakini mwambie asihangaike kuulizia TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa; mambo ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Na rangi iwe ya chakula, yenye lebo, siyo ile ya kupimiwa kwenye karatasi sokoni. Hapo Dodoma mibuyu iko mlangoni kwako. Sisi huku Unguja tunaungoja ubuyu uje na boti, na bei yake usiulize. Ukipata gunia zuri, kavu, lisilo na wadudu, nichukulie.

Lile karai kubwa nililokuazima si zawadi, nitalihitaji kabla ya Ramadhani. Banda la kuku limeanza kuvuja, na baba yako anasema atalipanda mwenyewe, na goti lile.

Tafuta seremala akutengenezee meza ya kuwekea seredani, pana, isiyotikisika, ifike kiunoni mwako. Pesa nitakutumia Ijumaa kwa simu. Nambari ni ileile, au umeshabadilisha laini tena?

Mama yako