Sauti ya baba kwenye kompyuta ya kiganjani

Reading, Uingereza
9 Novemba 2024

Dada Zuhura,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe, mama na watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kuuma. Nimeandika kwa karatasi kwa makusudi, ili Salimu amsomee mama taratibu, akifika pahala asimame, mama akitaka arudie.

Unaikumbuka ile kompyuta ya kiganjani niliyokuja nayo Desemba 1994? Ya kijivu, ndefu kama kasha la miwani, hata mama akaniuliza macho yangu yamepatwa na nini. Rehema ameiona juzi ndani ya sanduku la vyeti vyangu. Nimeishika mkononi, dada, nikakaa kitandani kwa muda nisiweze kuinuka.

Ni Psion Series 3a. Ilitoka 1993, na kampuni yake ilikuwa ya London, ilianzishwa 1980 na David Potter, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mimi niliinunua kwa mfanyakazi mwenzangu, imeshatumika. Sikuwa na kitu kingine cha thamani nchi hii, na niliipenda kama mtu anavyopenda baiskeli yake ya kwanza. Ukiifungua, zile betri mbili ndogo zimelala palepale penye bawaba. Betri za kununua dukani tu, na zinakaa wiki kadhaa. Ndiyo maana ilinifaa Tanga. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, mtaa mzima wa Ngamiani uko gizani, na mimi niko barazani naandika. Kioo chake hakina mwanga wa ndani, kwa hiyo wewe ukanisogezea taa ya chemli mpaka kona moja ya kibodi ikapata moshi. Ile alama bado ipo. Sikuifuta.

Huku ilikuwa daftari langu, kalenda yangu na kitabu changu cha simu. Kupiga simu nyumbani nilikuwa natafuta jina la duka la jirani yetu, naweka spika yake kwenye mkonga wa simu, nayo inatoa ile milio ya tarakimu mpaka simu inaita huko. Aprili 1995 Waingereza walibadilisha namba za kupigia nje kutoka 010 kuwa 00. Nikakaa jioni moja kuzirekebisha zote, yenu ikiwa ya kwanza. Mahesabu ya upatu wa Watanzania wa hapa nayo niliyaandikia programu ndogo humo humo, maana ilikuja na lugha yake ya kuandikia, OPL.

Halafu kulikuwa na ile ramani ya dunia, yenye saa za miji na kuchomoza na kuzama kwa jua. Unaweza kuongeza mji wako mwenyewe, nami nikaongeza Tanga. Ramadhani ya 1995 ilianguka Februari. Siku za kwanza jua la hapa lilizama kabla ya saa kumi na moja jioni, nikitazama la Tanga naona nyinyi mmeshafuturu zaidi ya saa nzima. Nilikuwa nakula tende zangu peke yangu chumbani, lakini najua saa hizo mama anakunja mkeka na wewe unaosha bakuli za uji. Ilinisaidia sana, dada, kuliko nilivyowahi kukwambia.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Mashine ile ilikuwa na uwezo wa kurekodi sauti. Kidogo tu, kwa sababu sekunde moja inakula kama kilobaiti 8, na yangu yote ilikuwa na 512. Siku mbili kabla sijarudi nilimwomba baba aseme maneno ya kuniamsha, nikayaweka yawe kengele yangu ya asubuhi. Akavaa kofia kwanza! Akakaa wima kama alivyokuwa akikaa bandarini akihesabu robota za katani, akaniuliza aanze sasa. Kwa miaka minne sauti ile iliniamsha alfajiri kwenda kazini. Majirani wa chumba cha pili walijua kuisema.

Baba alipofariki 1999 sikuweza kuisikiliza. Niliifunga, nikaiweka na betri zake ndani. Nilipoifungua baadaye, betri kubwa zilikuwa zimekufa, na ile ya kidonge inayolinda kumbukumbu nayo imekufa. Vilivyokuwa ndani vilifutika vyote: namba, barua, upatu, kengele. Kosa langu, ningebadilisha betri kwa wakati. Sikumwambia mtu, wala wewe. Nilikuona ukilia kwa kukosa hata picha nzuri ya baba, ningeanzaje kukwambia kwamba sauti yake nilikuwa nayo nikaipoteza?

Juzi Rehema akatia betri mpya. Ikawaka, haina jina langu, tarehe si yake. Akaniuliza kile kidude kilichochomekwa ubavuni ni nini. Ni diski yake ndogo ya flashi, ambayo inashika kitu bila betri. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwaka 1997 kumbukumbu ilijaa, nikahamishia huko vitu vizito. Nikaifungua. Faili tatu, moja ina jina BABA.

Sekunde kumi na moja, dada. "Haya mwanangu, amka, kumekucha. Koga, unywe chai, uende." Kisha anakohoa, anauliza, "Imeingia?" Na nyuma yake wewe unacheka, na sufuria linaanguka.

Kampuni iliacha kutengeneza kompyuta hizi 2001. Ile Nokia N70 uliyokuwa ukiniringishia, programu yake ya kuiendesha, Symbian, ilitokana na ile ya mdogo wake huyu, Series 5. Nimemweleza Rehema hivyo, maana aliona ni kitu cha kale tu.

Nimeweka simu karibu na spika nikairekodi, nimemtumia Salimu kwa WhatsApp. Asimfungulie mama ghafla. Mkalishe kwanza, mwambie ni nini, na awe ameshakula. Mpe ile spika ya redio ya Salimu, kwa sababu kwenye simu tupu inasikika mbali.

Mwisho kabisa wa rekodi kuna sauti ya mama kutoka uani, anataja kitu, mimi nasikia "...la nazi" tu. Nimerudia mara ishirini sijaelewa. Muulize alikuwa anatafuta nini jioni ile, kisha unipigie Jumapili, sina zamu.

Mdogo wako,
Hamisi