Ukihama, usimwache mbwa getini

Mhariri,

Hapa Njiro, Arusha, watu wakipata uhamisho hubeba makochi na friji, mbwa wakamwacha getini. Akipekua majalala mtaa mzima unamrushia mawe, naye hata chanjo hana.

Sisi tunahamia Dar es Salaam, kwenye ghorofa ambako mwenye nyumba hataki mbwa. Mbwa wetu, Chui, bado kijana, na wanangu wanampenda kuliko hata katuni. Kwa hiyo wanaomtaka niliwahoji kama wachumba. Mmoja alikuja na mnyororo mkononi. Nilimpa chai, mbwa sikumpa. Mama mmoja wa Usa River aliuliza anakula nini na anaogopa nini. (Radi, mama. Huingia chini ya kitanda cha watoto.) Huyo ndiye atamchukua Jumamosi, pamoja na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, inayorudiwa kila mwaka, na blanketi lake nisilolifua makusudi, harufu ya nyumbani imfuate.

Naomba maofisa mifugo wa kata waweke daftari la wanaotoa na wanaotafuta mbwa. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Mama Neema,
Njiro, Arusha