Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kuwa Panta

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, hapa nyumbani wote wazima. Umesema kocha wa chuo amekupa nafasi ya panta msimu ujao, yule wa futiboli ya Marekani anayeudondosha mpira na kuupiga mbali ili wapinzani waupokee mbali na goli lenu, na sasa unaiwazia NFL, ligi yao kuu ya kulipwa. Sawa. Mguu sitaugusa sana katika barua hii, maana unao, na kila anayekutazama anausifia. Nataka tuzungumze juu ya mkono.

Anza na saa. Mrushaji, anayekutupia mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, yuko yadi 15 mbele yako. Mpira wake ukikaa hewani zaidi ya sekunde 0.8, mmeshachelewa kabla hujaugusa. Tangu uudake hadi mguu uuguse una sekunde 1.3 hivi. Jumla ikipita 2.1, jua kuna mtu wa upande wa pili ameshanyoosha mikono mbele ya uso wako. Kwa hiyo hatua ni mbili tu: kulia fupi, kushoto, teke. Ukiongeza ya tatu kwa sababu mpira umeudaka vibaya, umejizuia mwenyewe.

Mikono ikishaupokea, zungusha kamba za mpira zije juu huku mguu wa kulia ukiwa tayari unatoka. Mkono wa kulia uushike upande, sehemu ya nyuma, kama unavyompa mtu mkono wa salamu. Vidole vienee, kiwiko kisikakamae. Pua ya mpira ielekee kushoto kidogo na iiname kidogo. Mkono uwe mbele ya nyonga ya kulia, usiwe mbele ya kitovu. Halafu uuachie. Narudia: uuachie, usiurushe. Mpira uliorushwa juu hata kwa inchi mbili huanza kuzunguka, na upepo unapata nafasi ya kuusogeza. Ukitoka mkononi vizuri, unafika mguuni ukiwa na mlalo uleule uliotoka nao.

Karibu makosa yote utakayoyaona kwenye mpira yalianzia hapo. Pua ikiinuka, mpira hupinduka-pinduka hewani na kuanguka karibu. Ukidondoka ndani sana, mguu unaufuata kwa kukata mbele ya mwili, na mpira unajikunja kushoto. Ukidondoka nje, unaupata kwa ubavu wa mguu, nao unatoka uwanjani baada ya yadi 20 mbele ya watu elfu kadhaa. Kisha wote watasema mguu umekosea! Wewe umecheza soka tangu mdogo, kwa hiyo lako hasa ni hilo la kukata: umezoea kuuzunguka mpira uliolala chini. Huku nyonga zielekee mbele moja kwa moja, kifundo kikazwe, vidole vya mguu vielekezwe chini, mpira ukae kwenye mfupa wa mgongo wa mguu, na mguu upande juu ulikotoka mpira.

Mateke kamili 30 hadi 40 kwa siku, siku tatu kwa wiki, yanatosha. Ukizidisha, paja linachoka na unaanza kujifunza teke la mtu aliyechoka. Kudondosha bila kupiga ndiko kusikokuwa na kikomo: simama juu ya mstari wa uwanja, piga hatua zako mbili, uache mpira uanguke, uangalie umeangukia wapi. Hata mara 100 kwa siku haziumizi kitu.

Sasa yadi, zinazowapofusha vijana. Tuseme mnapiga mkiwa yadi 45 upande wenu, bado yadi 55 kufika mstari wa goli lao. Ukipiga zote 55, mpira ukaingia eneo lao la goli, wanapewa mpira kwenye yadi 20: umewasogeza 35. Ukipiga 43 kwa juu, mpokeaji akainua mkono na kuudaka kwenye yadi 12 bila kukimbia, umewasogeza 43 kamili. Teke fupi limeshinda teke refu. Kwa teke lenye uwanja mrefu mbele yake, yadi 45 ziambatane na sekunde 4.5 hewani au zaidi, wenzako wapate muda wa kufika. Yadi 55 za sekunde 3.9 ni zawadi kwa mpokeaji.

Kwa mateke ya kuwabana karibu na goli lao usitumie mzunguko wa risasi, ule wa mpira kujizungusha pua ikiwa mbele. Tumia la Waaustralia, ambapo unaushika mpira wima kidogo na kuupiga sehemu ya chini ili uzunguke kinyumenyume. Ukigusa nyasi unasita au kurudi. Mwenzao Darren Bennett alilileta timu ya San Diego mwaka 1995 akitoka ligi ya kwao, na leo vyuo vya Marekani vimejaa Waaustralia. Hao ndio wapinzani wako, na wengine wamepiga mpira wa umbo la yai tangu utotoni.

Angalia pia tofauti moja ya sheria. Chuoni wenzako wote wanaruhusiwa kukimbilia mbele mara mpira unaporushwa, ndiyo maana kocha wako anapenda ukimbie pembeni kwanza halafu upige. NFL ni wawili tu wa pembeni wanaoweza kuondoka kabla ya teke. Maskauti watataka kukuona umesimama mahali pako na kupiga. Mwombe kocha akupe mateke hayo, hata machache.

Jambo ambalo hujaliandika kabisa ni kumshikia mpira mpiga goli. Karibu kila timu hiyo ni kazi ya panta. Yadi 7 nyuma, daka, usimamishe mpira, kamba zitazame goli, yote pamoja na teke ndani ya sekunde 1.3 hivi. Desemba 2023 Ryan Stonehouse, panta wa Tennessee, aliumizwa mguu teke lake lilipozuiwa. Huyo msimu wake wa kwanza, 2022, alikuwa na wastani wa yadi 53.1 kwa teke. Baadaye siku hiyo mwingine akashika mahali pake mpira wa teke la pointi ya ziada, teke likakosa, matokeo yakabaki 25 kwa 25, na wapinzani wao, Colts, wakashinda muda wa nyongeza. Jifunze kushika.

Nafasi zenyewe za panta NFL ni 32, moja kila timu. Panta Ray Guy alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka 1973, timu zilipogawana vijana wa vyuo kwa zamu. Hilo si la kulitegemea. Stonehouse hakuchaguliwa kabisa, Johnny Hekker naye hakuchaguliwa mwaka 2012. Wengi huingia kwa majaribio, mara nyingi Jumanne, ukiwa umepigiwa simu jana yake: mateke kumi na kitu, mrushaji usiyemjua, kisha ndege ya kurudi. Ila ukishakaa, kiti hiki hudumu. Jeff Feagles alicheza misimu 22, mechi 352 bila kukosa hata moja, na sifa yake ilikuwa kuutoa mpira nje karibu na kona, wala si urefu.

Wiki hii nitumie video. Weka simu ubavuni, usawa wa kiuno, mwendo wa polepole. Sitaki kuona mpira unaenda wapi. Dondosha kumi, usipige hata mmoja.

Baba yako