Marimba ya Darajani Manzese

Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani, ambako sote tu wazima. Barua yako yenye habari za ala ya muziki iliyotundikwa katikati ya reli kwenye stesheni ya treni ya Kendall, huko Cambridge, Marekani, unakosoma, imenifikia, na tangu niisome sivuki daraja la waenda kwa miguu la Manzese bila kulitafutia mahali pa kufunga kitu cha aina hiyo.

Kazi hiyo ya msanii Paul Matisse, ya mwaka 1987, inanivutia kwa kuwa haitoi sauti papo hapo. Abiria huvuta mpini ukutani, akauachia, akauvuta tena kwa kuufuata mwendo wake, hadi nyundo zilizo mbali naye zipate kasi ya kuyagonga mabomba ya alumini. Na kama ulivyonieleza, huenda treni ikaja na kumchukua kabla nyundo hazijatulia, muziki alioanzisha yeye ukabaki kwa watu asiowajua. Msanii mwingine, George Rhoads, alifuata njia nyingine katika mashine yake ya mwaka 1983 iliyoko New York, kwenye kituo cha mabasi cha Port Authority: mipira hupandishwa juu kwa mota, kisha hushuka kwa uzito wake ikigonga na kupindua vitu njiani, yote hayo yakiwa ndani ya kioo. Kuitazama kunapendeza, sikatai, lakini mpita njia hana kazi pale zaidi ya kusimama, na Manzese jioni hakuna wa kusimama. Wamachinga wamepanga soksi na chaja, na aliye nyuma yako ana mzigo kichwani. Kinachotufaa ni kitu cha kuchezwa huku mtu anatembea.

Kwamba mipini ya Kendall ilikuwa ikiharibika kila mara, hata wanafunzi wa chuo cha MIT kilicho jirani wakajitolea kuitengeneza, hakunitishi, maana kinachoshikwa na kila mtu hakina budi kulegea. Wasiwasi wangu ni alumini: bomba la alumini hapa kwetu litafika kwenye mizani ya chuma chakavu kabla rangi yake haijakauka. Ndiyo maana nafikiria mbao za mninga, zilizochongwa kwa urefu tofauti kama za marimba na kupangwa chini ya chuma cha kushikia, kila ubao ukiwa na nyundo ndogo ya mpira inayosukumwa na kiganja cha anayepita. Anayekwenda upande wa Tandale atasikia noti zikipanda, anayerudi atazisikia zikishuka. Beringi ziwe za baiskeli, ili fundi yeyote wa jirani aweze kuzibadilisha bila kuagiza kitu nje. Masika yatavimbisha mbao na sauti itapwaya. Acha ipwaye, hatutungi wimbo wa taifa.

Nakuomba basi, ukipita tena Kendall, uangalie pale mpini unapoingia ukutani: umefungwa kwa pini au kwa beringi, na kuna kizuizi gani kinachouzuia usivutwe kupita kiasi? Nichoree, hata kama mistari itapinda. Fundi wa kuchomelea niliyezungumza naye mtaa wa Gerezani amekataa kunitajia bei mpaka aone mchoro huo.

Nisalimie wenzako wote.

Wako daima,
Rafiki yako wa Manzese