Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Vikao vya Jumamosi vya kikundi chetu cha wanaoacha pombe na dawa za kulevya, hapa Mwanjelwa, Mbeya, viliendelea, wagonjwa walitembelewa, misiba miwili tulihudhuria. Hayo mnayajua. Mapato yalikuwa shilingi 612,000, matumizi 571,500 (nauli, vocha, chai na kopi), salio 40,500. Ada ambazo hazijalipwa ni 300,000. Tuko 38, lakini kikao cha Novemba walikuja 11. Inauma, kwa sababu siku ile tulikuwa tunamuundia kijana aliyetoka soba hausi (nyumba ya kuachia ulevi) timu yake ya watu watano wa kumsaidia asirudie, na nafasi mbili zikakosa mtu.

Nije kwenye lililoleta maneno. Mwezi Juni niliamua, na kamati ikaridhia, kwamba mke, mume au mzazi asiwe wa kwanza kwenye timu kupigiwa simu mhusika anapotamani kurudia. Wapo waliosema mwenyekiti anavunja ndoa za watu. Siyo kweli. Hamu ikimpanda mtu, mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa. Nusu saa hiyo inamtaka mtu wa kuuliza mawili tu: uko wapi, uko na nani? Kisha aseme, "Toka hapo, nakuja." Mke ambaye mumewe aliuza sufuria zake ili anywe ataanza na ya jana, na ugomvi huo ndio utakaompeleka mumewe kwenye pombe ya komoni. Namba ya kwanza iwe ya mwenye nafuu, yaani aliyeacha kwa mwaka mmoja au zaidi. Mke abaki wa pili kwenye timu, kama mtunza pesa, akikubali mwenyewe: malipo ya kibarua yaingie kwake, mhusika aachiwe nauli.

Wa tatu ni mhudumu wa afya, na hapa sitanii. Anayekunywa gongo kila siku asiachishwe ghafla nyumbani; degedege huweza kumpata mtu ndani ya siku 2 za mwanzo, na huweza kuua. Wa nne ni wa kusindikiza. Methadoni, dawa ya wanaoacha heroini, pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Aliyekosa siku 3 mfululizo asidai kipimo chake cha zamani: mwili umeshapunguza uzoefu, kinaweza kumkata pumzi. Lazima daktari ampime upya. Wa tano ni wa kukaa naye jioni, kuanzia saa 11, wenzake wanapoelekea kilabuni.

Namba zote tano ziandikwe kwenye karatasi, zifungwe nailoni, zikae pamoja na kitambulisho. Nimelisema hili tangu Machi: simu ndiyo huuzwa kwanza arosto (maumivu ya kukosa kilevi) ikibana, na namba zinaondoka nayo. Pia mtu asiandikwe kabla hajaulizwa uso kwa uso. Timu zilizokamilika ni 9. Nyingine nyingi ni majina ya watu ambao hata hawajui kama wameandikwa.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata chumba chetu wenyewe. Wenye madeni ya ada wamwone mweka hazina kabla ya mwisho wa Januari, na kila mmoja aje na karatasi yake tuikague.

Mwenyekiti