Heri ya Pasaka wapendwa, na machache kuhusu msimu huu

Wapendwa wangu wote, ndugu, jamaa na marafiki, wakubwa zangu shikamooni na wadogo zangu hamjambo. Kristo amefufuka! Poleni na mfungo kwa mliofunga, na mliokuwa na sababu za kiafya Mungu anaijua mioyo yenu. Mimi na nyumba yangu tunawatakia Pasaka njema yenye amani, upendo, afya na baraka tele. Najua salamu hizi zinatumwa kila mwaka na maneno ni yaleyale ila mwenzenu nazituma kwa moyo wote, manake kufika sikukuu nyingine tukiwa wazima si jambo la kupita nalo hivihivi.

Huku tulipo baridi ndo inaaga. Wengine mko kwenye mvua na matope, wengine jua linawaka, na Pasaka yenyewe haimsubiri mtu, inafuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi na Jumapili inayofuata ndo sikukuu, kwa hiyo inaweza kuangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Kuna mwaka inatukuta bado na makoti na ardhi imelala kabisa. Mwaka huu imetukuta kila kitu kinachipua, miche michanga imejaa dirishani hadi pa kuweka kikombe hakuna, paka anashinda nje anarudi na majani mgongoni, na kapu la uzi limetoka chumbani limehamia barazani kwa sababu mwanga upo mpaka jioni na mtu unaweza kufuma bila kuwasha taa.

Lakini niseme ukweli, hii ni Pasaka ya kwanza bila mama. Mliokuja kumzika mlituona, mliopiga simu tuliwasikia, asanteni sana na Mungu awalipe. Mwaka umekuwa mgumu. Ukiacha msiba, maisha nayo yamepanda, kila ukienda dukani kitu kimeongezeka, mbolea juu, kitambaa juu, uzi ndo usiseme, bonge lililokuwa linatosha kofia ya mtoto sasa unalishika unalirudisha. Nawajua watu waliokuwa wakifuma kila siku wameweka sindano kabatini kwa sababu hiyo tu.

Mama alikuwa mtu wa mikono, mnajua. Bustani, paka, sindano, huyo ndo alikuwa mama. Blanketi lake la viraka ndo liko kitandani kwangu sasa hivi na nikikaa nalo naliangalia kiraka kimojakimoja. Kuna kimoja cha katikati, kimetoka kwenye gauni lake la bluu lenye vidoadoa vyeupe, kina alama ya kahawia ya pasi iliyounguza. Mtu mwingine angekata hapo akatupa. Yeye alikiweka alama ikae juu kabisa ionekane, halafu akaizungushia ua kwa uzi mwekundu, vishono vidogovidogo vimepangana mpaka unajiuliza macho yale ya uzeeni yaliwezaje. Chini yake kuna kipande cha shati la baba, pembeni sare yangu ya shule, sijui alizitunza wapi miaka yote hiyo.

Na mwezi uliopita nikipanga vitu vyake nikakuta kopo la mbegu. Bahasha ndogo alizokunja mwenyewe kwa karatasi za kalenda za zamani, kila moja ameandika kwa penseli, moja imeandikwa maua ya njano ya ukutani, nyingine hizi ziloweke kwanza, na moja, nene kuliko zote, imeandikwa hizi mpe jirani. Basi. Hakuandika jirani yupi. Nilikaa chini pale chumbani nikalia kweli, sikulia hivyo hata siku ya mazishi. Mama, nimezipeleka. Nimemgawia wa kulia na wa kushoto, na zimeshaota kwao kabla hazijaota kwetu.

Sasa kwa kuwa msimu ndo huu, acha niwaambie yale ambayo angewaambia yeye kama angekuwa anashika simu. La kwanza ni udongo. Msikimbilie kulima kwa sababu tu mmeona jua. Chukua udongo mkononi ubane, ukiachia ukabaki bonge linalong'aa maji, ngoja, ukiulima hivyo unashindilia na mizizi itateseka msimu mzima. Ukimeguka wenyewe ukiugusa kwa kidole, anza. Na miche iliyolelewa ndani usiitoe ghafla, itoe masaa machache siku ya kwanza, uirudishe, kesho uongeze kidogo, hivyo hivyo kama wiki moja mpaka izoee jua na upepo, ndo uipande. Mtu anatunza mche mwezi mzima halafu anauua kwa mchana mmoja kwa kukosa subira, inauma.

La paka nawaomba msome vizuri, hasa mtakaoletewa maua ya sikukuu. Yale malili meupe mazuri ya Pasaka ni sumu kali kwa paka. Sio ua peke yake, ni jani, shina, ule unga wa njano, hata maji ya chombo ulichoyaweka. Paka anapita, unga unamdondokea mgongoni, anajilamba kama kawaida yake, na figo zinaanza kufa, ndani ya siku moja hadi tatu unaweza kumpoteza. Ukiona ametafuna au ana ule unga kwenye manyoya usingoje dalili, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, kuwahi ndo kupona kwake. Kwa kweli mimi nasema kwenye nyumba yenye paka lili lisiingie, maua mazuri yapo mengi.

Na sisi wa sindano tuna hatari yetu wenyewe. Paka anapenda uzi, kila mtu anacheka paka akicheza na bonge, lakini uzi akiumeza unaweza kunasa upande mmoja chini ya ulimi au tumboni, huku utumbo unaendelea kusukuma upande wa pili, na utumbo unajikunja hadi unakatika. Ukiona uzi unatokea mdomoni au nyuma USIVUTE, narudia usivute, mpeleke kwa daktari. Kapu liwe na mfuniko, na sindano ya mkono yenye uzi isiachwe juu ya kiti hata kwa dakika moja ya kwenda kufungua mlango. Mama alikuwa na kapu la mfuniko na paka wake Chausiku alikuwa analala juu ya huo mfuniko, mpaka leo analala hapohapo, ukimtoa anarudi.

Tena vile vipande vya uzi vinavyobaki msivitupe nje eti ndege wakajengee viota. Naona watu wanafanya hivyo kwa nia njema kabisa ila uzi unawafunga makinda miguu, mguu unavimba unakatika. Waachieni majani makavu na vijiti, vinawatosha.

Msimu huu pia ndo vitoto vya paka vinazaliwa kwa wingi, siku zikirefuka paka jike wanaanza kutaka dume, na mimba yao ni kama wiki tisa tu, jike hata wa miezi minne mitano anaweza kushika. Kwa hiyo kabla ya kufyeka nyasi au kuchoma rundo la majani, chungulia kwanza. Ukivikuta usivibebe mbiombio kwa huruma, mama yao mara nyingi ameenda kuwinda anarudi, kaa mbali uangalie kwa masaa. Na wenu wa nyumbani wapelekeni wakafungwe uzazi mapema, ni huruma kubwa kuliko kugawa vitoto kila msimu kwa watu ambao hawavitaki.

Turudi kwenye uzi na hizi bei. Jamani sweta kuukuu ni uzi. Chukua sweta ambalo limechoka au limembana mtoto, angalia mishono ya pembeni kwa ndani. Ukiona kingo zimepigwa ovaloki, ule mshono wa mashine wa kuzungusha ukingo, liache, ujue lilikatwa kama kitambaa, utapata vipande vifupi vya mstari mmojammoja. Ukiona kingo zimefumwa zenyewe na zimeunganishwa kwa mshono mwepesi, umepata. Fumua ule mshono, kisha mengi unaanzia juu, shingoni au mabegani pale mfumaji alipomalizia, vuta taratibu huku unazungushia kwenye mgongo wa kiti. Ukimaliza funga sehemu nne kwa vipande vya uzi, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, tundika na kitu chepesi chini kinachovuta. Ukikauka yale mawimbi yote yamenyooka na una uzi. Kama hujui ni sufu au akriliki, yaani uzi wa kiwandani usio wa mnyama, kata kipande ukichome juu ya sinki, sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka, akriliki inayeyuka inabaki kidonge kigumu. Jua hilo kabla hujafua, sufu ukiitia maji ya moto na kuisugua inagandana na kusinyaa na hairudi tena.

Viraka navyo ni hivyohivyo. Nguo za marehemu watu wanazifungia kwenye sanduku miaka na miaka, nondo wanazila, nawashauri mzitoe mzifue mzikate. Fua kila kipande kabla hujashona, hasa nyekundu zinachuja rangi na zitaharibu nyeupe zote jirani. Chagua vya unene unaolingana, na fulana zinazovutika bandika kwanza kwa nyuma kile kitambaa chenye gundi kinachoshikishwa kwa pasi, la sivyo blanketi litajikunjakunja. Halafu lilaliwe! Lisiwekwe la kuonyesha wageni.

Ndugu zangu, niruhusuni niseme kama mtu mzima. Asubuhi ya Pasaka Mariamu Magdalene alimuona Bwana akadhani ni mtunza bustani, na kanzu yake, ile askari waliyoipigia kura pale msalabani, haikuwa na mshono, ilifumwa yote toka juu hadi chini. Kuna mikono ya mtu iliyofuma ile kanzu na jina lake hatujui. Na Dorkasi wa Yafa, yule mwanamke wa kwenye Matendo ya Mitume, alipokufa, wale wajane hawakumuonyesha Petro nyumba yake wala akiba yake, walisimama wakilia wakimuonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Mimi mwaka huu hiyo sehemu nimeielewa kwa machozi, manake kwenye msiba wa mama walikuja watu nisiowafahamu wameshika kofia, skafu, soksi za mtoto, kila mmoja anasema hii alinifumia yeye. Mmoja kofia yenyewe imetoboka na bado anayo.

Kwa hiyo nawasihi. Mtoe mkiwa hai na wanaopokea wakiwa hai. Kuna sweta umeliacha nusu tangu mwaka juzi na yule uliyekuwa unamfumia anazeeka, malizia. Kuna mama mkwe wako ambaye hamjasemezana, mpelekee miche. Kuna bibi anayejua kushona viraka kwa mkono na wajukuu wamekaa mbele yake wanaangalia simu, watoto wekeni simu chini mkae miguuni pake mjifunze, na wewe bibi usiseme watoto wa siku hizi hawataki, waite kwa majina, uwape sindano mkononi. Wazazi, mfundisheni mtoto wa kiume naye kufuma, uzi haujui jinsia. Tusiwe watu wa kutumiana picha za maua kwenye simu wakati jirani dirisha lake kavu. Mwaka ni mgumu, ndiyo, na ndo maana hasa tunatakiwa kugawana, mwenye mbegu agawe mbegu, mwenye muda agawe muda, mwenye uzi wa ziada asiulimbikize mpaka nondo wamrithi. Na mliofiwa kama sisi, msione aibu kulia siku ya sikukuu. Ufufuko haukuja kuwafukuza wanaolia, Mariamu alikuwa analia alipoitwa jina lake.

Basi nisiwachoshe. Nawatakia wote Pasaka yenye furaha, wagonjwa Mungu awaponye, wasafiri wafike salama, wanafunzi wafaulu, waliokosa kazi wafunguliwe milango, wanaotarajia watoto wajifungue salama. Baba anawasalimu sana, anaendelea vizuri, asubuhi anamwagilia yeye.

Na mwisho, mama ameacha uzi mwingi, rangi nyingi ni za kijani na kijivu, kuna mabonge mazima na mengine nusu, pamoja na sindano za kufumia za ukubwa mbalimbali. Mimi na dada tumekubaliana visikae. Anayefuma au anayejifunza aniandikie anataka nini, nitamfungia, na atakayepata namuomba kitu kimoja tu, cha kwanza atakachokifuma ampe mtu. Vilevile Chausiku hatumtoi, msiulize, lakini vitoto viwili vya yule paka wa nyuma ya banda vinakula wenyewe sasa, kimoja cheusi kimoja cha michirizi, vinatafuta nyumba isiyo na malili.

Heri ya Pasaka, na Mungu awabariki nyote.
Ni mimi shangazi yenu.